Mshenga wa nuru na sumaku

Mpwa wangu yuko mwaka wa pili chuoni, hapa hapa Mombasa. Juzi waligawiwa majina ya wanafizikia, kila mwanafunzi aeleze kazi ya mmoja, naye akaangukiwa na mtu ambaye wasifu wake wote ulikuwa mstari mmoja: utafiti katika leza, miali ya elektroni na magneto-optiki. Akanijia nao jioni, ufukweni pale Mama Ngina, tumekaa na sahani ya mihogo, pilipili na ndimu juu yake, meli ya makontena ikiingia Kilindini taratibu mbele yetu.

"Mjomba," akaniuliza, "huyu ni mtu mmoja au watatu? Leza ni taa. Elektroni ni umeme. Hii ya tatu hata kuitamka inanishinda."

Nilifundisha fizikia miaka mingi kabla ya kustaafu, na swali hilo nimelisikia kwa sura nyingi. Lawama nazitupia vitabu vyetu vya shule. Nuru ina sura yake, umeme una sura yake, sumaku ina sura yake, na mtihani ukishapita kila sura hufungiwa kabati lake. Mtafiti haishi hivyo. Nilimwambia kijana, na ndilo ninalotaka kulieleza hapa kwa nafasi kubwa zaidi kuliko ile iliyoachwa na mihogo, kwamba mambo hayo matatu yana kiini kimoja, nacho ni elektroni.

Nuru na sumaku hazisemezani. Chukua sumaku kali kuliko zote ulizo nazo, ilaze kando ya mwali wa tochi, uone kama mwali utapinda. Utakaa hapo hadi adhana ya alfajiri. Lakini nuru husemezana na elektroni, kwa kuwa nuru ni mtikiso wa umeme na elektroni ina chaji. Sumaku nayo husemezana na elektroni, hasa elektroni ikiwa mwendoni. Kwa hiyo kila mahali ambapo nuru na sumaku zimeonekana kuafikiana, chungulia katikati utamkuta huyo elektroni akipeleka maneno huku na kurudisha kule. Sisi watu wa Pwani tunamjua mtu wa kazi hiyo: mshenga.

Zefe na feri

Leza ndiyo inayodhaniwa kujulikana, na ndiyo inayoelezwa vibaya zaidi. Watu husema ni mwanga mkali. Ile tochi ya leza inayouzwa njiani kwa bei ya chai na mandazi hutoa nguvu ndogo sana, milliwati chache tu, na balbu ya jikoni inaishinda mbali. Tofauti yake ni mpangilio.

Feri ya Likoni ikigonga upande wa kisiwani na lango likafunguliwa, watu hushuka kila mmoja kwa hatua zake. Huyu anakimbilia matatu, huyu kabeba gunia, huyu kasimama katikati ya njia kumtafuta mwanawe. Hiyo ndiyo nuru ya balbu. Atomu zisizohesabika, kila moja inatoa mwanga wake kwa wakati wake na kwa upande wake. Nuru ya leza ni zefe ya Maulidi. Matari yanapiga pigo moja, hatua zinafuata pigo, na umati wote una njia moja.

Nani anaipanga zefe hiyo? Kanuni yake aliiandika Albert Einstein mwaka 1917. Elektroni ndani ya atomu hukaa kwenye ngazi za nishati. Ikipandishwa ngazi ya juu, siku zote kuna kushuka, na mara nyingi kushuka huko hutoa nuru. Kwa kawaida hushuka inapojisikia. Einstein alionyesha kwamba nuru ya rangi ileile ikipita karibu huichochea ishuke papo hapo, na nuru inayotoka ni nakala kamili ya ile iliyopita: rangi moja, njia moja, hatua moja. Waliokulia madrasa wataielewa haraka, maana ndivyo kasida inavyokwenda. Mmoja anaanza, wa pili anaitikia kwa sauti ileile, wawili wanakuwa wanne. Kisha weka vioo viwili vinavyotazamana ili nuru irudi na kurudi ikikusanya waitikiaji, na kimoja kiwe kinavujisha kidogo.

Kutoka karatasi hadi taa ilichukua miaka 43. Charles Townes na wenzake walitangulia mwaka 1954 kwa gesi ya amonia, ila walichokipata ni mawimbi ya maikro yasiyoonekana kwa macho. Gordon Gould aliliandika jina la leza katika daftari lake mwaka 1957. Tarehe 16 Mei 1960 Theodore Maiman, katika maabara za Hughes kule Malibu, California, alikizungushia kijiti cha yakuti nyekundu taa ya mmweko kama ile ya wapiga picha, akaiwasha, na kijiti kikatoa mwali mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 694. Chombo kizima kilitosha mkononi. Wengi walitarajia mtambo wa kujaza chumba.

Na kwa kuwa nimezitaja tochi za njiani: usimpe mtoto. Udogo wa nguvu haukuokoi, kwa sababu mpangilio ule ule unaokusanya nuru yote kwenye nukta moja ukutani huikusanya pia kwenye nukta moja nyuma ya jicho.

Usukani, si tanga

Miali ya elektroni haina haja ya maelezo marefu kwa watu wa rika langu, kwa sababu tulikaa nayo sebuleni. Televisheni za zamani, zile zenye kisogo, zilikuwa chupa kubwa iliyonyonywa hewa. Nyuma kabisa uzi mdogo unapashwa moto hadi elektroni zinaruka nje. Volti elfu ishirini na zaidi zinazivuta mbele. Zinakipiga kioo kwa ndani, na unga uliopakwa pale unang'aa. Shingoni mwa chupa kulikuwa na makoili ya shaba, sumaku za umeme, yaliyoupeleka mwali kushoto na kulia, juu na chini, mistari 625, mara 25 kwa sekunde. Taarifa ya habari nzima ilichorwa na nukta moja inayokimbia.

Nilijua nguvu ya makoili hayo kwa njia ya aibu. Nilikuwa na miaka kumi au kumi na moja, nikapata sumaku ya spika mbovu, nikaisogeza kwenye televisheni ya rangi ya shangazi yangu nione itakuwaje. Picha ikakunjika kama kanga kwenye upepo, ikawa na waa la zambarau na kijani. Nikaondoa sumaku. Waa likabaki. Ndani ya kioo mna bamba la chuma lenye matundu, na nilikuwa nimeligeuza bamba lenyewe kuwa sumaku. Fundi alikuja kesho yake na pete kubwa ya waya wa shaba, akaichomeka kwenye umeme, akaizungusha mbele ya kioo huku akirudi nyuma taratibu, rangi zikarejea. Maneno ya shangazi siyaandiki.

Kuna jambo la ajabu katika namna sumaku inavyoisukuma elektroni. Huisukuma pembeni, daima pembeni, kukingama na njia inayokwenda. Kwa hiyo haiwezi kuiongezea kasi wala kuipunguzia; inaweza kuigeuza tu. Anayejua ngalawa anaelewa: sumaku ni usukani, si tanga. Tanga ni umeme. Mtambo wowote wa elektroni, uwe wa sebuleni au wa kilomita tatu, umejengwa kwa viungo hivyo viwili, volti za kusukuma na sumaku za kuongoza.

J. J. Thomson alivitumia vyote viwili kule Cambridge mwaka 1897. Aliusukuma mwali upande mmoja kwa umeme na kuupinda kwa sumaku, akakokotoa chaji ya chembe zile kwa uzito wake, akaona kwamba ni nyepesi mno kuliko atomu yoyote. Leo twajua protoni moja ni nzito kuliko elektroni mara 1,836. Mwaka 1931 Max Knoll na Ernst Ruska kule Berlin waliyatumia makoili kama lenzi, wakatengeneza hadubini inayoona kwa elektroni badala ya nuru. Na bandarini hapa, lori linapopita chini ya mashine kubwa ya kukagua makontena, picha ya kilichomo hupigwa kwa eksirei. Mashine kubwa za aina hiyo huzitengeneza eksirei kwa kuikimbiza miali ya elektroni na kuigongesha kwenye kipande cha metali nzito.

Miwani miwili

Sasa lile neno lililomshinda kijana. Magneto-optiki ni elimu ya yanayoipata nuru inapopita, au inapodundia, kwenye kitu kilicho ndani ya nguvu ya sumaku. Naomba subira hapa, maana huku ndiko kwenye utamu.

Nuru hutikisika kukingama na njia yake, kama kamba unayoitikisa huku mwenzako kashika ncha ya pili. Unaweza kuitikisa juu-chini au kushoto-kulia. Ukiipitisha kamba kati ya nondo za dirisha zilizosimama, mtikiso wa juu-chini unapita, wa kushoto-kulia unakwama. Kuchagua mwelekeo mmoja wa mtikiso namna hiyo kunaitwa polaraizesheni, na miwani ya jua ya polaroidi ni dirisha la nondo. Mwanga unaodunda juu ya maji hutikisika zaidi kwa ulalo, ndiyo maana mvuvi aliyevaa miwani hiyo humwona samaki chini ya maji na asiyevaa huona kung'aa tu. Mpwa wangu alikuwa nayo kichwani, mie ninayo mfukoni. Tukaiweka kioo juu ya kioo, tukatazama taa ya barabarani, nikaugeuza wangu. Kufika robo duara, giza. Muuza kahawa aliyekuwa akipita na dele lake alisimama kutazama, akataka kujaribu mwenyewe, akajaribu, kahawa ikawa bure.

Giza hilo la miwani miwili ndilo alilokuwa akilitazama Michael Faraday London tarehe 13 Septemba 1845. Kati ya vichujio vyake viwili aliweka kipande cha kioo kizito chenye risasi, alichokitengeneza mwenyewe miaka ya 1820 alipokuwa akitafuta kioo bora cha darubini. Kioo kile kilikuwa kimekaa muda wote huo bila kazi kubwa. Akawasha sumaku ya umeme ili nguvu yake ipite kioo kwa urefu, sambamba na mwali. Mwanga ukatokea gizani. Akazima, giza. Kioo kikiwa ndani ya sumaku kilikuwa kinaugeuza mwelekeo wa mtikiso wa nuru, kidogo tu, lakini kiasi cha kuonekana.

Faraday hakuwa na elektroni ya kuielezea. Sisi tunayo. Mtikiso ulionyooka unaweza kuufikiria kama wachezaji wawili wanaozunguka, mmoja kulia na mwingine kushoto, kwa kasi sawa, ambao kila wakipishana hupishana kwenye mstari uleule. Ndani ya kioo, nuru inazitikisa elektroni, na elektroni zinairudishia nuru mtikiso huo kwa kuchelewa kidogo. Ndiyo sababu nuru hupunguza mwendo kiooni. Ukileta sumaku, usukani unaingia kazini. Kwa elektroni inayozungushwa upande mmoja sumaku inaivutia ndani, kwa inayozungushwa upande wa pili inaisukumia nje. Mizunguko hiyo miwili haiko sawa tena. Mchezaji mmoja anachelewa zaidi ya mwenzake, na mstari wa kupishana unageuka. Mshenga kafika.

Kuna wanaouliza: hata maji ya sukari huugeuza mtikiso wa nuru, na hayana sumaku, kwa hiyo jipya ni lipi? Jipya ni safari ya kurudi. Nuru iliyopita kwenye maji ya sukari ikigongwa na kioo na kurudi njia ileile, kila kilichogeuzwa hugeuzuliwa. Inatoka kama ilivyoingia. Kwa sumaku si hivyo. Fikiria feri inavuka kutoka Likoni maji yakiwa yanajaa. Mkondo unaingia bandarini, kwa hiyo unaisukuma upande wa Kilindini. Ikirudi, mkondo ni uleule, na unaisukuma upande wa Kilindini vilevile. Kwa nahodha, mara ya kwanza ni kushoto kwake na ya pili ni kulia; kwa aliyekaa ufukweni ni upande mmoja. Nahodha asiporekebisha, upotofu wa kwenda na wa kurudi hujumlishwa. Nuru ndani ya sumaku ni feri ndani ya mkondo: geuza digrii 45 kwenda, digrii nyingine 45 kurudi, jumla ni 90, na digrii 90 mbele ya dirisha la nondo ni giza.

Hapo umepata mlango wa nuru unaopitisha upande mmoja tu. Wahandisi huuita aisoleta. Una kichujio mbele, kichujio nyuma kilichogeuzwa digrii 45, na katikati kito kilichokaa ndani ya sumaku ndogo. Kito cha terbiamu na galiamu kikiwa ndani ya sumaku ya tesla 1 kinatosha kwa milimita 6 hivi kugeuza nuru nyekundu digrii 45. Vito vyenye chuma ndani yake vinavyotumika kwa nuru ya mawasiliano havifiki hata milimita 1 kwa unene.

Kwa nini mtu aujali mlango huo? Kwa sababu leza haipendi kusikia sauti yake mwenyewe. Nuru ikidunda kwenye kiungo cha waya na kurudi ndani yake, waitikiaji wanachanganyikiwa, kasida inaharibika. Nyaya za baharini zilizotua hapa Mombasa, TEAMS na SEACOM mwaka 2009, EASSy mwaka uliofuata, ni uzi wa kioo unaobeba miali ya leza chini ya bahari, TEAMS peke yake kilomita elfu kadhaa hadi Fujairah. Njiani nuru hufifia, kwa hiyo kila baada ya makumi ya kilomita kuna kikuza nuru, kipande cha uzi kilichotiwa madini ya erbiamu, ambamo elektroni zilizopandishwa ngazi huchochewa na ujumbe unaopita na kuurudia kwa nguvu zaidi. Yaani Einstein wa 1917 analala chini ya Bahari Hindi. Na katika leza zinazotuma, na ndani ya vikuza nuru, mna hiyo milango ya upande mmoja, yaani Faraday wa 1845. Ukimtumia ndugu yako wa Dubai picha ya mtoto, nuru iliyoibeba imepita mikononi mwa mshenga mara nyingi kuliko unavyoweza kuhesabu.

Faraday alitaka kwenda mbali zaidi. Mwaka 1862, mzee tayari, aliweka mwali wa moto wenye sodiamu kati ya ncha za sumaku, aone kama rangi yake itabadilika. Hakuona kitu. Mwaka 1896 Pieter Zeeman kule Leiden, Uholanzi, alirudia jaribio hilo akiwa na vyombo bora, akaona mistari ya rangi ya sodiamu ikipanuka sumaku ikiwashwa. Mwalimu wake Hendrik Lorentz akaeleza kwamba ndani ya atomu lazima mna chembe yenye chaji inayotikisika, na kutokana na kiasi cha kupanuka huko wakapata uwiano wa chaji na uzito wake, na kwamba chaji yenyewe ni hasi. Ilikuwa miezi kadhaa kabla Thomson hajatangaza matokeo ya miali yake. Wanafunzi hukariri kwamba elektroni iligunduliwa na Thomson mwaka 1897, na sibishani, lakini napenda wajue kwamba mshenga alikwishaonekana uso wake kwenye posa ya nuru na sumaku.

Wakikaa nyumba moja

Mpwa wangu alitaka kujua kazi hizo zinakutana wapi leo, na mtu mmoja anazishikaje zote. Mfano mmoja unatoka Strasbourg, Ufaransa, mwaka 1996. Éric Beaurepaire, Jean-Yves Bigot na wenzao walichukua utando mwembamba wa nikeli, metali yenye usumaku, wakaupiga kwa mipigo ya leza ya femtosekunde 60. Femtosekunde ni sekunde moja iliyogawanywa mara milioni bilioni. Mpigo wa kwanza ulizipasha moto elektroni za nikeli. Mpigo wa pili, uliochelewa kidogo, ulitumwa kuuliza hali ya sumaku, na ulijibiwa kwa njia ya John Kerr, aliyegundua miaka ya 1870 kwamba nuru inayodundia juu ya sumaku hugeuzwa mtikiso wake kama ile ya Faraday inayopita ndani. Jibu lilikuwa kwamba sehemu kubwa ya usumaku wa nikeli ilipotea kabla hata ya picosekunde 1, yaani femtosekunde 1,000, kwisha. Hakuna aliyetarajia iwe upesi hivyo, na kwa nini iko hivyo bado kunajadiliwa hadi leo. Leza ilifanya kazi zote mbili, kugonga mlango na kusikiliza. Elektroni ndizo zilizokuwa ndani ya nyumba.

Mfano wa pili naupenda zaidi. Kama elektroni ni mshenga, je, mtu anaweza kumwondoa ndani ya atomu, akamwacha peke yake na kumwambia atengeneze leza? John Madey alilipendekeza hilo akiwa Stanford, karatasi yake ikatoka 1971, na kabla ya miaka ya sabini kwisha yeye na wenzake walikuwa wameliwasha. Panga sumaku safu mbili ndefu zinazotazamana, kaskazini, kusini, kaskazini, kusini. Pitisha katikati mwali wa elektroni uliokwisha kukimbizwa karibu sawa na nuru. Usukani unavutwa kushoto, kulia, kushoto, kulia, na elektroni inakwenda joshi kama jahazi linalopinda dhidi ya upepo. Chaji inayotikiswa hutoa nuru. Sumaku hazikuigusa nuru hata mara moja, lakini nuru imezaliwa.

Mtambo wa LCLS kule California, uliowaka mwaka 2009, ulitumia sumaku ambazo mzunguko mmoja wa kaskazini na kusini ni sentimita 3. Nuru iliyotoka ilikuwa na wimbi la nanomita 0.15, ukubwa wa atomu. Sentimita 3 zinageukaje kuwa hizo? Kwa mara mbili. Elektroni zile zinakimbia kiasi kwamba, kwa hesabu ya Einstein, kwao zile sentimita 3 zimejikunja mara zaidi ya 26,000, zikawa karibu mikromita 1. Kisha nuru wanayoitoa inatangulia mbele yao kwa shida, kwa sababu watoaji wenyewe wanaifukuza kwa karibu sana, basi mawimbi yanabanwa tena, kama yale yanayobanana mbele ya boti yenye kasi.

Mpaka hapo bado ni watu wa feri, kila elektroni ikitoa nuru yake. Zefe inaingia baadaye. Nuru inayosafiri pamoja nao inawasukuma, hawa inawaharakisha kidogo, wale inawachelewesha, mpaka umati uliokuwa holela unajipanga safu nyembamba, na nafasi kati ya safu na safu ni wimbi moja la nuru. Zikishajipanga, zote hutikisika kwa pigo moja, nuru inakua, inapanga safu vizuri zaidi, inakua tena. Elektroni zinaitengeneza nuru na nuru inazipanga elektroni. Nilipomfikisha hapo kijana aliacha kula.

Mtambo wa Ulaya wa aina hiyo ulioko Hamburg, Ujerumani, uliofunguliwa 2017, una urefu wa kilomita 3.4 na unaweza kutoa mipigo 27,000 kwa sekunde. Ungeanza Mama Ngina, ungemalizikia ng'ambo ya kisiwa upande wa Makupa. Afrika haina hata mtambo wa nuru ya sinkrotroni, unaozizungusha elektroni kwa sumaku ili zitoe nuru, ambao ni dada mkubwa na mpole wa huo. Kampeni ya kuwa na wetu ilianza 2015, na mpaka siku hiyo watafiti wetu hupanda ndege na sampuli mkobani.

Kuna pembe moja ambapo mtu anaweza kunibishia. Nilisema nuru na sumaku hazisemezani kabisa. Mwaka 1936 Werner Heisenberg na Hans Euler walikokotoa kwamba hata mahali patupu, pasipo na chembe yoyote, sumaku kali ingegeuza hali ya nuru kidogo mno. Majaribio ya maabara yaliyoitafuta athari hiyo, moja lililoendelea Italia kwa takriban miaka 25, hayajaikamata. Lakini hata kwenye hesabu yao njia ni ileile: utupu unaazima jozi za elektroni na vinyume vyake kwa kufumba na kufumbua, na hao ndio wanaopeleka maneno.

Kijana sasa hataki tu kuandika, anataka kuona. Kioo kizito cha Faraday hatuna, lakini maji nayo hugeuza nuru. Tulipiga hesabu nyuma ya ile karatasi yake. Bomba la sentimita 10 lililojaa maji, limezungushiwa waya wa shaba wa milimita 1, mizunguko 1,000 kwa tabaka 10; betri ya gari itapitisha ampia 4 hivi. Tochi ya leza nyekundu inapita katikati, na nuru yake kwa kawaida imekwisha kupangwa mtikiso. Mwisho wa bomba kioo kimoja cha miwani ya polaroidi, kigeuzwe digrii 45 badala ya 90, kwa sababu pale ndipo mabadiliko madogo huonekana zaidi. Mgeuko utakuwa chini ya digrii 1, mwanga utabadilika kwa asilimia 2 au 3, na kipima mwanga cha simu huenda kikauona. Koili litapata moto, liwashwe sekunde chache tu.

Waya ni karibu kilo moja. Jana tulikwenda kwa fundi mmoja anayefunga upya waya za mota. Akaisoma michoro yetu, akaigeuza juu chini, akauliza mota hii ni ya kuzungusha nini.

"Mwanga," mpwa wangu akamjibu.

Fundi akaweka kibunda cha waya kwenye mizani. "Waya nauza kwa kilo," akasema. "Kuzunguka kwake shauri lenu."